Betri za Risasi na Asidi katika Umeme wa Jua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo ambayo wateja huniuliza karibu kila wiki, ama dukani ama ninapokuwa nimeshuka kwenye paa baada ya kukagua paneli zao. Kazi yangu iko mkoani Tanga, ambako Handeni hupata joto na Lushoto hupata ukungu, na betri huharibika katika sehemu zote mbili kwa sababu tofauti. Volti zote zilizotajwa humu ni za betri ya volti 12. Mwenye mfumo wa volti 24 azizidishe mara mbili.

## Kuifahamu betri

1. Betri ya maji, betri kavu na betri ya jeli zinatofautianaje?

Zote tatu ni betri za risasi na asidi. Ndani yake mna mabamba ya risasi ndani ya asidi ya salfa iliyochanganywa na maji, na betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na kidogo. Kanuni hiyo haijabadilika tangu Mfaransa Gaston Planté alipoibuni mwaka 1859. Kinachotofautiana ni namna asidi inavyohifadhiwa. Katika betri ya maji asidi inachezacheza huru, na juu kuna vifuniko sita vya kuongezea maji. Katika ile inayoitwa kavu, asidi imefyonzwa na matandiko ya nyuzi za kioo yaliyobanwa kati ya mabamba, na katika ya jeli imegandishwa kwa unga wa silika. Hizi mbili za mwisho zimezibwa, kwa hiyo maji yakishapotea kwa sababu ya kuchajiwa kupita kiasi hayawezi kurudishwa.

Baadhi ya betri za gari zisizo na vifuniko nazo huuzwa kwa jina la betri kavu, ilhali ndani ni betri za maji zilizofunikwa tu. Soma maandishi ya ubavuni kabla ya kuamini jina.

2. Kwa nini nisitumie betri ya gari, ambayo bei yake ni nafuu?

Betri ya gari imetengenezwa itoe mamia ya ampea kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha ijazwe papo hapo na jenereta ya gari. Mabamba yake ni membamba ili yawe mengi. Ukiitumia kuwashia taa na televisheni usiku kucha, mabamba hayo huchakaa na kumwaga unga wa risasi chini ya kasha, na mara nyingi mwaka hauishi. Kama huna budi kuitumia, toa robo tu ya chaji yake kila usiku na uhakikishe inajaa kila siku.

3. Betri ya ampea-saa 100 ina umeme kiasi gani hasa?

Kwenye karatasi ina wati-saa 1,200, yaani volti 12 mara ampea-saa 100. Kwa matumizi ya kila siku ihesabu nusu, wati-saa 600, kwa sababu betri inayotolewa chaji hadi chini kila usiku hupoteza maisha yake upesi kuliko ile inayotumiwa nusu. Angalia pia namba iliyoandikwa kando ya ampea-saa. C20 ina maana kwamba ujazo huo ulipimwa kwa kuitumia betri polepole kwa saa 20, na C100 kwa saa 100. Betri iliyoandikwa 100 kwa kipimo cha C100 ni ndogo kuliko iliyoandikwa 100 kwa C20, na wauzaji wanaojua jambo hili si wote wanaolisema.

4. Nitajuaje betri imejaa au imebaki kiasi gani?

Iache ipumzike saa mbili au tatu bila kuchajiwa wala kutumiwa, kisha pima kwa mita kwenye vichwa vya betri yenyewe. Wakati mzuri ni alfajiri, vifaa vyote vikiwa vimezimwa. Volti 12.7 maana yake imejaa, 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, na 11.8 imeisha. Betri kavu na za jeli husoma juu kidogo, zikijaa hufika 12.8 au 12.9. Kipimo cha mchana, paneli ikiwa inachaji, kitakuonyesha 13 au 14 hata kama betri haina kitu, na kipimo cha wakati televisheni inawaka kitakuonyesha pungufu ya ukweli. Kijicho cha kijani kilicho juu ya baadhi ya betri nacho huonyesha hali ya chumba kimoja tu kati ya sita.

Kwa betri ya maji, hidromita, yaani kifaa kinachopima uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji, husema kweli kuliko volti. Asidi ya chumba kilichojaa husoma 1.265 hivi, na ya chumba kilichobaki nusu husoma 1.190. Betri zilizotiwa asidi kwa ajili ya nchi za joto huweza kuanzia 1.240 zikiwa zimejaa, kwa hiyo tunza karatasi iliyokuja na betri yako.

## Kinachoua betri

5. Betri yangu mpya ilidumu miezi minane tu. Niliuziwa feki?

Huenda, lakini mara nyingi sivyo. Katika kazi yangu, betri nyingi ninazoletewa zikiwa zimekufa kabla ya wakati zimeuawa na kutojaa. Betri inapotumika, mabamba yake hufunikwa na sulfeti ya risasi. Hilo ni jambo la kawaida, na chaji inaporudi sulfeti hiyo huyeyuka. Betri ikikaa siku nyingi bila kujaa, fuwele za sulfeti hukua na kuwa ngumu, zisiyeyuke tena, na sehemu ya bamba iliyofunikwa haifanyi kazi. Betri ya ampea-saa 100 hugeuka kuwa ya 60, kisha ya 30, ingawa kwa nje inang'aa kama ilivyotoka dukani.

Kinyozi mmoja wa kijiji cha Handeni aliniita akiwa ameshabadilisha betri mbili za ampea-saa 100. Ya kwanza ilidumu miezi kumi na mmoja, ya pili minane, na alishaamini kuwa anaibiwa. Nilifika saa moja asubuhi kabla hajafungua, mita ikasoma 11.7. Tukakaa kwenye benchi la wateja tukahesabu. Televisheni, mashine za kunyolea, taa na simu za watu anazochaji zilikula ampea-saa 50 hivi kwa siku. Kumbe king'amuzi na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) vilikuwa havizimwi usiku. King'amuzi kilikula wati 12, na inveta, hata ikiwa haina kazi, ilikula wati 8 nyingine, ambazo kwa saa 12 ni ampea-saa 20. Jumla ni 70. Paneli yake ilikuwa moja ya wati 150, ambayo jua likiwa zuri kwa saa 5 hurudisha ampea-saa 40. Betri ile haikuwahi kujaa hata siku moja tangu wiki yake ya kwanza.

Aliongeza paneli ya pili ya wati 150, akaweka kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri) inayobeba ampea 30, na akaanza kuzima inveta anapofunga. Betri ya tatu tuliinunua baada ya hapo, kwa ukubwa uleule.

6. Nikinunua betri kubwa zaidi, si tatizo litaisha?

Litaahirishwa. Kuweka betri kubwa kwenye paneli ileile ni kama kununua pipa kubwa wakati bomba linatoa maji ya kidole. Utafurahia siku chache za mwanzo unapotumia chaji iliyokuja na betri, kisha utarudi palepale, safari hii ukiwa na betri ya bei kubwa inayokaa nusu tupu. Chaji ya betri ya risasi inapaswa kufika karibu asilimia 10 ya ujazo wake: betri ya ampea-saa 100 inataka ampea 10, ambazo ni paneli za wati 180 hadi 200. Paneli ya wati 100 hutoa ampea 5 na nusu jua likiwa utosini. Kumbuka pia kwamba ukitoa ampea-saa 50 unapaswa kurudisha karibu 60, kwa kuwa sehemu hupotea kama joto na gesi.

7. Kontrola yangu hukata umeme betri ikishuka. Kwa nini bado betri inaishiwa kabisa?

Kwa sababu huenda inveta haipiti kwenye kontrola. Kontrola hukata vile tu vilivyofungwa kwenye matundu yake yenye picha ya taa. Inveta karibu zote hufungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa kuwa zinavuta ampea nyingi ambazo kontrola haiwezi kuzibeba, na inveta nyingi hukata zenyewe volti zikifika 10.5. Kiwango hicho ni cha kuilinda inveta. Betri inakuwa imeshaumia zamani. Kama inveta yako inaruhusu kubadilisha kiwango, kipandishe hadi 11.5 au zaidi. Kama hairuhusu, mtu ndiye awe kontrola: king'ora cha inveta kikilia, zima, usingoje izime yenyewe.

8. Joto linaharibu betri kiasi gani?

Maisha ya betri hutajwa na watengenezaji kwa joto la nyuzi 25. Kanuni inayotumika ni kwamba kila nyuzi 8 hadi 10 zinazoongezeka juu ya hapo hupunguza maisha hayo kwa nusu. Betri iliyowekwa juu ya dari chini ya bati, mahali ambapo mafundi wengi hupenda kuificha, inaishi kwenye tanuri. Iweke chini, upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya betri na betri ili hewa ipite. Kuhusu kulala nayo chumbani, tazama swali la 15.

## Utunzaji wa kila siku

9. Niongeze maji lini, na kiasi gani?

Kagua kila mwezi ukiwa sehemu za joto, na angalau kila miezi mitatu sehemu za baridi. Maji huongezwa baada ya betri kujaa, kwa sababu asidi hupanda wakati wa kuchaji; ukijaza kabla, itafurika na kumwagika juu ya kasha. Ila ukikuta mabamba yako wazi, ongeza kidogo tu hadi yafunikwe, chaji, kisha malizia. Kiwango sahihi ni sentimita moja hivi juu ya mabamba, au usawa wa alama iliyo kwenye kasha. Chumba kimoja kikinywa maji kuliko vingine kila mara, kina kasoro, na ukipime kama ilivyoelezwa katika swali la 16.

10. Maji ya mvua, ya chupa au yaliyochemshwa yanafaa?

Hayafai. Maji ya kunywa ya chupa yana madini, na kuchemsha hakuondoi madini bali huyazidisha, maana kinachoruka ni maji peke yake. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati hubeba vumbi na zinki. Tumia maji ya betri yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri, na usome lebo mara mbili, kwa sababu chupa za maji ya betri na za asidi ya betri hufanana na hukaa rafu moja.

11. Betri imeishiwa nguvu, niiongeze asidi?

Hapana. Kinachopungua ndani ya betri ni maji, asidi haiendi popote. Hidromita ikisoma chini, maana yake sehemu ya asidi imejificha ndani ya mabamba kwa sura ya sulfeti, na dawa yake ni chaji. Ukiongeza asidi, kipimo kitapanda na kukudanganya, huku mabamba yakiliwa kwa kasi. Hali pekee ambayo asidi huongezwa ni betri iliyoanguka ikamwaga, na hapo fundi atatia asidi ya kiwango kilekile kilichokuwamo.

12. Kontrola iwekwe volti ngapi?

Fuata karatasi ya betri. Usipokuwa nayo, betri ya maji hujazwa kwa volti 14.4 hadi 14.8, kavu 14.4 hadi 14.7, na jeli 14.1 hadi 14.3. Baada ya kujaa, kontrola huishikiza kati ya 13.5 na 13.8. Kosa ninalolikuta zaidi ni kontrola iliyoachwa kwenye mpangilio wa jeli ilhali betri ni ya maji, au, tangu lithiamu zilipoenea, kontrola iliyowekwa lithiamu kwa bahati mbaya na mtoto aliyebonyeza vitufe.

Viwango hivi ni vya nyuzi 25. Joto likipanda, volti zinapaswa kushuka kwa 0.02 hadi 0.03 kwa kila nyuzi moja, na kontrola nzuri hufanya hivyo yenyewe kwa kipimajoto chenye waya. Kipimajoto hicho kibandikwe ubavuni mwa betri. Nimekikuta mara kadhaa kikiwa bado kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya boksi.

13. Kusawazisha vyumba ni nini, na kunahitajika kweli?

Ni kuichaji betri ya maji iliyokwisha kujaa kwa volti 15.0 hadi 15.5, kwa saa moja hadi tatu, ili vyumba vilivyobaki nyuma vifikie vingine na asidi nzito iliyotuama chini ichanganyike. Mara moja kwa mwezi hutosha kwa wengi. Ondoa kwanza vifaa vyote, kwa sababu volti hizo zinaweza kuunguza taa na redio, fungua madirisha, na uongeze maji baadaye. Betri kavu na ya jeli hazisawazishwi kabisa. Zitapoteza maji kupitia vali zake na kufa.

14. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri unatoka wapi?

Ni kutu inayotokana na mvuke wa asidi. Ifungue nyaya kwa utaratibu wa swali la 20, mimina maji yenye soda ya kuokea au magadi hadi povu liishe, piga brashi ya waya, suuza, kausha, kaza, kisha paka vaselini juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa. Vifuniko vya betri ya maji viwe vimefungwa wakati wote huo, kwani soda ikiingia ndani inaua asidi. Kiungo kilicholegea ni hatari kuliko kutu: kinapata moto, kinayeyusha kichwa, na volti zinazopotea hapo huifanya kontrola iamini betri imejaa.

Wengine huuliza kama sakafu ya saruji hufyonza chaji. Hadithi hiyo ilitokana na makasha ya zamani ya mbao na mpira. Kasha la plastiki halipitishi kitu. Ubao chini ya betri ni mzuri kwa sababu ya unyevu tu.

15. Naweza kulala chumba kimoja na betri?

Betri ya maji, hapana. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa hulipuka kwa cheche ndogo, hata ya swichi. Iwe kwenye kasha au stoo yenye tundu la juu, kwa sababu haidrojeni hupanda, na tundu la chini la kuingizia hewa. Usiwashe kibatari wala sigara karibu nayo, na usiifunike kwa kitambaa. Betri iliyozibwa hutoa gesi kidogo sana katika hali ya kawaida, lakini nayo inataka hewa kwa ajili ya siku ambayo kontrola itaharibika.

## Kupima na kubadilisha

16. Nitajuaje kwamba imekufa kweli?

Anza na chaji kamili. Betri yenye njaa na betri iliyokufa hufanana. Ichaji siku mbili au tatu bila kuitumia, iache ipumzike usiku, kisha upime. Ikisoma 10.5 au 10.6, chumba kimoja kimegusana ndani na hakuna la kufanya. Kwenye betri ya maji, pima vyumba vyote sita kwa hidromita: vitano vikisoma 1.260 na kimoja 1.150, hicho ndicho kinachowaangusha wenzake.

Ikisoma 12.6 au zaidi, bado hujajua ujazo wake. Mimi hutumia balbu ya taa ya mbele ya gari ya wati 55, ambayo huvuta ampea 4.6 hivi. Iwashe kwenye betri, andika saa, na upime kila baada ya nusu saa hadi volti zifike 10.5 huku taa ikiwaka. Betri nzima ya ampea-saa 100 huiwasha kwa zaidi ya saa 20. Volti zikifika 10.5 baada ya saa 10, umebaki na nusu ya betri uliyonunua. Watengenezaji huihesabu betri kuwa imemaliza maisha ikishuka chini ya asilimia 80. Majumbani watu huivumilia hadi 50. Jaribio hili lenyewe linaichosha betri, basi lifanye mara moja tu, na uichaji papo hapo.

17. Chumvi ya haluli inafufua betri?

Huongeza volti kwa muda, jambo linalompendeza sana anayeiuza betri hiyo wiki ijayo. Sulfeti iliyokuwa ngumu haiyeyuki kwa chumvi. Kama ugumu bado ni mdogo, kuichaji polepole kwa siku kadhaa na kuisawazisha (swali la 13) hurudisha sehemu ya ujazo; kama mabamba yameshamwaga unga, hakuna kiowevu kitakachoyajenga upya.

18. Nina betri nne na moja imekufa. Nibadilishe hiyo moja tu?

Kama zote hazijafikisha mwaka, weka moja ya aina na ujazo uleule. Zikizidi hapo, badilisha zote. Betri zilizofungwa kwa mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine) hupitisha mkondo mmoja, kwa hiyo ile kuukuu huisha kwanza na kuendelea kukamuliwa na wenzake, na wakati wa kuchaji ile mpya hunyimwa au kuzidishiwa. Zilizofungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), kuukuu huinyonya mpya usiku kucha. Ndani ya miezi michache zote hulingana, yaani zote hufanana na ile kuukuu. Zile tatu zilizobaki unaweza kuzitenga kwa kazi ndogo, kama taa ya banda la kuku.

Mnapofunga betri sambamba, waya chanya utoke kwenye betri ya kwanza na waya hasi utoke kwenye ya mwisho. Zikitolewa zote kwenye betri moja, hiyo hufanya kazi kuliko wenzake na hufa ya kwanza.

19. Nikague nini dukani?

Nenda na mita, na ikiwezekana uombe mzani wa kupimia mazao. Risasi haiigizwi kwa urahisi: betri halisi ya volti 12 na ampea-saa 100 haipungui kilo 25, na ya 200 haipungui 50. Niliwahi kuinua kwa mkono mmoja betri iliyoandikwa 150 na nikairudisha rafuni bila kuuliza bei. Mita isome 12.5 au zaidi. Chini ya 12.4 imekaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa, na ugumu wa swali la 5 umeshaanza. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, na hakikisha waranti imeandikwa muhuri na tarehe ya leo. Lakini kabla ya yote hayo, jua kilichoiua betri ya zamani. Kama hujui, subiri kununua.

20. Utaratibu wa kufungua betri ya zamani na kufunga mpya ni upi?

Piga picha ya nyaya kwa simu. Vua pete na saa, na uzungushie mpini wa spana utepe wa umeme, kwa sababu spana ikigusa vichwa viwili kwa pamoja huyeyuka mkononi. Zima vifaa, kata paneli kwa swichi yake au zifunike kwa blanketi, kisha fungua waya hasi kwanza na chanya baadaye. Wakati wa kufunga, anza na chanya, umalizie na hasi.

Kontrola iunganishwe na betri kwanza, ndipo paneli, ndipo vifaa. Kontrola nyingi huitazama betri ili zijue kama mfumo ni wa volti 12 au 24, na paneli ikiunganishwa bila betri inaweza kupeleka volti 20 na zaidi kwenye vifaa vyako. Weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana.

21. Betri iliyokufa niipeleke wapi?

Irudishe kwa muuzaji, ambaye mara nyingi atakupunguzia bei ya mpya, au kwa mkusanyaji mwenye kibali. Tanzania anayesimamia taka hatari ni NEMC na Kenya ni NEMA. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, nayo ina soko. Usimpe anayeivunja kwa shoka nyuma ya nyumba ili ayeyushe risasi au atengeneze chubwi za mishipi. Vumbi na moshi wake huingia katika damu, na watoto huathirika ubongo kuliko watu wazima. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulipata mkasa huo kutokana na kiwanda cha kuyeyushia betri. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, aliongoza mapambano ya wakazi hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Asidi nayo usiimwage chini ili betri iwe nyepesi kubeba.

## Hali za pekee

22. Nasafiri miezi miwili. Niiache vipi?

Acha paneli na kontrola vikiwa vimeunganishwa, na uondoe vifaa vyote, pamoja na inveta. Betri ya maji ijazwe maji kabla ya safari. Kama inawekwa stoo bila paneli, ijaze chaji, ifungue nyaya, na mtu aichaji kila mwezi kama ni ya maji, au kila miezi mitatu kama imezibwa.

23. Masika yakishika, jua halionekani wiki mbili. Nifanyeje?

Punguza matumizi tangu siku ya kwanza, usingoje ya tano. Ukungu wa Lushoto unaweza kukuachia sehemu ndogo tu ya nguvu ya paneli. Alfajiri mita ikisoma chini ya 12.2 siku tatu mfululizo, ipeleke betri mahali penye umeme wa TANESCO ikachajiwe kwa chaja ya ampea zisizozidi sehemu ya kumi ya ujazo wake, hadi ijae kabisa. Kwenye bodaboda, betri ya maji isimame wima na ifungwe kwa kamba mbele ya abiria, si mgongoni mwake.

24. Betri imevimba, au inanuka mayai viza. Niendelee kuitumia?

Hapana. Kata paneli kwanza, fungua milango, na iache ipoe kabla ya kuigusa. Kuvimba ni dalili ya joto na chaji iliyozidi. Harufu hiyo ni gesi yenye sumu inayotoka betri inapochemka ndani. Badilisha betri, na upime kontrola kabla ya kuiunganisha na nyingine, kwa maana kontrola iliyoshindwa kukata ndiyo mshukiwa wa kwanza.

25. Asidi imenirukia. Nifanye nini?

Osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 na uvue nguo iliyolowa. Ikiwa imeingia jichoni, osha vivyo hivyo huku kope zimefunguliwa, kisha uende hospitali hata kama maumivu yametulia. Soda ni ya sakafu na vyuma, usiitie jichoni.

26. Naweza kuongeza betri ya lithiamu sambamba na zangu za risasi?

Usifanye hivyo. Lithiamu hushikilia volti karibu 13 kwa muda mrefu wa matumizi yake, kiwango ambacho betri ya risasi haifiki ikiwa imepumzika, kwa hiyo moja huihudumia nyingine badala ya kuhudumia nyumba, na mahitaji yao ya kuchaji hayalingani. Ukitaka kuhama, hama zote: lithiamu ni ghali siku ya kununua, huruhusu kutumia asilimia 80 ya ujazo, na haiumii kwa kukaa nusu. Badilisha mpangilio wa kontrola, zima kabisa kusawazisha, na uhakikishe waya na fyuzi zinabeba mkondo mkubwa ambao lithiamu inaweza kuutoa. Betri za risasi zilizotolewa, kama bado zina nguvu, zifungwe kwenye paneli na kontrola yao wenyewe.